Udongo wa Ilungu

Mwaka huu ilinibidi nimfundishe mtoto wa marehemu dada yangu chuma kilitoka wapi. Kwa mwalimu mwingine wa fizikia hiyo ni kazi ya vipindi viwili, chaki na ubao. Mimi nilikuwa nimeikwepa kwa miaka kumi na saba. Nikifika kwenye mada ya elimu ya anga nafundisha sayari, nafundisha kupatwa kwa jua, nafundisha maji kujaa na kupwa kwa watoto ambao wengi wao hawajaiona bahari. Nikifika kwenye nyota, jinsi zinavyozaliwa na zinavyokufa, nafunga kitabu na kuwaambia wajisomee, hilo halipendi kutoka kwenye mtihani. Lakini mwaka huu mtoto huyo alikuwa dawati la pili kutoka mbele, upande wa dirishani, na alikuwa ameshajisomea.

Nianze na mama yake.

Dada yangu alinifuata kwa miaka miwili. Tulizaliwa kijijini, kando ya barabara iendayo Matai, mahali ambapo uwanda ni nyasi tupu mpaka macho yachoke, na upepo wa mwezi wa sita unapenya koti kana kwamba hukuvaa kitu. Alinizidi akili. Sisemi hivyo kwa kuwa amekufa. Nilikuwa nasema hata alipokuwa hai, ila kwa sauti ndogo. Yeye yuko darasa la tatu, mimi la tano, na yeye ndiye aliyekuwa ananisahihishia hesabu. Ulipofika wakati wa sekondari, uwezo wa nyumbani ulikuwa wa mtoto mmoja, nami nilikuwa wa kiume na nilikuwa nimetangulia. Hakuna kikao kilichokaa. Nilifungiwa sanduku, yeye akabaki na jembe.

Hakununa. Alichofanya ni kunitoza. Kila likizo nikirudi, kabla sijavua viatu, anasimama mlangoni na kuuliza, "Umeleta nini?" Hakuwa anauliza mkate wala sukari. Alitaka nilichofundishwa. Nikimwambia nimechoka, chakula changu kinachelewa.

Darasa letu lilikuwa shambani, kwenye ntumba. Asiyekijua kilimo chetu nimweleze: mwezi wa pili na wa tatu, ardhi ikiwa bado imelowa na nyasi zimefika kiunoni, tunazikata kwa jembe pamoja na udongo wake, tunazipindua na kuzifukia, nyasi ndani udongo juu, mpaka panakuwa na tuta la mviringo. Hilo ndilo ntumba. Nyasi zinaoza humo taratibu, juu tunapanda maharage, na msimu unaofuata tunalibomoa na kumwaga ulezi. Mgeni akipita na gari anaweza kudhani uwanda mzima ni makaburi.

Hapo, tumeinama sambamba, nilimsimulia mwanzo wa ulimwengu. Kwamba vyote vilikuwa pamoja, vimebanana, vya moto usioelezeka, halafu vikaanza kutanuka na kupoa.

"Vikatanukia wapi," akauliza, "kama hapakuwa na mahali?"

Niliporudi shuleni nikamuuliza mwalimu. Mwalimu akaniambia nikae chini. Likizo iliyofuata nikampelekea dada hilo jibu, akacheka mpaka akaegemea mpini.

"Basi hata yeye hajui!" alisema. Ilimfurahisha kuliko jibu.

Kilichomwingia zaidi ni habari ya chuma. Nilimwambia kwamba mwanzoni hakikuwepo kabisa, kulikuwa na gesi mbili tatu nyepesi tu. Nyota ndizo zilizopika vingine vyote. Nyota kubwa hupika na kupika, inageuza chepesi kuwa kizito, na ikifikia chuma inashindwa kuendelea. Inajibomokea yenyewe, inalipuka, na vyote ilivyovipika vinatawanyika. Kutokana na majivu hayo ikaja dunia. Chuma kingi kikazama tumboni mwa dunia, na hicho cha tumboni ndicho kinachotengeneza usumaku unaotukinga na chembe zinazorushwa na jua, la sivyo hewa yetu ingekuwa imeshapeperushwa. Kingine kikabaki juu, kwenye mawe na udongo mwekundu. Na kingine, kidogo sana, kiko kwenye damu. Ukikikusanya chote cha mtu mzima unapata msumari mmoja mdogo.

Aliacha kulima. Akautazama mkono wake, pale mishipa inapoonekana, kisha akatazama juu ya shamba, kwenye ilungu.

Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma. Letu limesimama mpaka leo mwisho wa shamba, refu kunizidi, limejengwa kwa udongo wa kichuguu, na chini yake kumejaa mavi ya chuma, mabonge meusi yanayokata miguu. Babu wa baba alikuwa fundi wa kuyeyusha. Baba alitusimulia alivyosimuliwa: tanuru jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, mafundi hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe, na chuma kilichotoka kiliitwa mtoto wake. Siku hizo mwanamke mwenye mimba alikuwa na mwiko, hasogei. Kisha majembe ya dukani yakaja, moto ukazimika, na mwiko nao ukalegea. Utotoni kwetu ilungu lilikuwa mahali pa kujificha mvua.

"Kwa hiyo babu na nyota walikuwa wanafanya kazi moja," dada alisema.

Nimesoma chuo, nimekaa kwenye semina nyingi za walimu. Sijasikia mtu akiliweka vizuri hivyo.

Niliajiriwa Sumbawanga mjini, nikapanga Katandala, nikaoa. Dada aliolewa palepale kijijini na mwanaume wa biashara, mtu wa kupeleka mahindi Kasesya na kuvuka nayo Zambia, wiki yupo, mwezi hayupo. Mimba ilichelewa kuja. Ilipokuja, ikaja na hamu ya udongo. Hilo si jambo la ajabu kwetu. Hata sokoni udongo wa kuliwa unauzwa kwa vipande. Ila wanawake wa kijiji chetu walikuwa na wao. Walikuwa wanakwangua ukuta wa ilungu kwa ndani, pale moto wa zamani ulipouchoma ukawa mkavu na wenye harufu ya mvua ya kwanza. Kulikuwa na shimo limelainika kwa vidole vya akina mama wa miaka mingi. Mama yangu alichota hapo akiwa na mimba yangu. Dada naye akachota hapo, kila siku, anatembea nao kwenye ncha ya kanga.

Nilikwenda nyumbani likizo fupi ya mwezi wa tatu. Tulikuwa tumelima ntumba za dada kwa ujima, watu wengi, na jioni tulikaa uani kunywa pombe ya ulezi. Nilikuwa mwalimu mpya, mwenye shati la mikono mirefu na kichwa kilichovimba. Dada akaja kuketi karibu nami, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza nimeleta nini. Yeye ndiye alikuwa na lake.

"Kaka, nesi wa kliniki kasema damu yangu iko chini. Kasema nimepungukiwa madini ya chuma. Ndicho kile kile cha kwenye nyota?"

"Ndicho."

"Kanipa vidonge. Nikivimeza natapika siku nzima. Na huku nakula huu." Akafungua ncha ya kanga, akanionyesha kipande cha udongo. "Huu hauna chuma?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Nakumbuka walivyonyamaza kumsubiri mwalimu aseme. Na mimi, kwa kutaka wacheke, nilisema, "Wewe unakula tanuru zima la mababu, halafu unaulizia chuma! Hapo umekula nyota yenyewe. Nani wilaya hii ana chuma kama wewe? Hao manesi waje wakuombe wewe."

Walicheka sana. Yeye pia alicheka, lakini si kama wao. Alicheka kama mtu aliyepata jibu.

Nilikuwa natania. Nimelirudia neno hilo kichwani mpaka limechakaa. Wengine wote pale uani walijua natania. Yeye alikuwa amezoea miaka kumi na mitano kwamba nikifungua mdomo nimeleta kitu kutoka shule, na mimi nilikuwa nimemzoesha. Asubuhi nikapanda gari kurudi mjini, wala sikulikumbuka tena jambo hilo.

Alijifungua mwezi wa saba. Mtoto alitoka salama, wa kike, analia. Mama yake hakuacha kutoka damu. Walimleta mjini kwa gari la mizigo, nami nikapigiwa simu nikiwa darasani, saa nne asubuhi. Hospitalini walisema ameingia akiwa hana akiba, na kwamba inahitajika damu sasa hivi. Nilikuwa kundi moja naye. Nikalala kwenye kitanda nikitazama mfuko unavyojaa, mwekundu, na kwa mara nyingine ile hesabu ya msumari ikanijia. Nilitaka kuwaambia wachukue msumari wote. Nesi mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza taratibu, "Alikuwa anakula udongo?" Nikamjibu kwamba wote wanakula. Akasema, "Ndiyo. Udongo unakishika chuma tumboni, mwili haukipati. Huwa tunawaambia." Hakusema kwa lawama. Hakujua anaongea na nani.

Mfuko wangu ulikuwa bado una joto la mwili wangu walipokuja kuniambia hautahitajika tena.

Tulimzika kijijini. Siku ya tatu, mama aliniita ndani, akainama chini ya kitanda cha marehemu, akatoa kopo la mafuta ya kupikia. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya kuongeza damu, pakiti zote, kuanzia ya kwanza iliyopungua vidonge vichache, zimepangwa vizuri kama alivyopanga kila kitu chake. Mama hakuniangalia usoni.

"Alisema wewe umemwambia udongo una chuma chenyewe."

Kisha akafunga kopo na kunipa. Hakuliongelea tena, siku hiyo wala miaka iliyofuata.

Nilidhani hilo ndilo baya kuliko yote. Kumbe nilikuwa na baya jingine mbele, na hilo nililitenda kwa akili timamu. Msiba ulipokuwa unaanuliwa, wazee wawili watatu walianza kuulizana, na jibu likapatikana upesi. Dada yangu alikuwa na mimba, akaenda kwenye ilungu kila siku, akamla bibi harusi. Mwiko uliolegea ulikuwa umekaza tena. Wengine walitikisa vichwa, wengine waliguna, na macho yakanigeukia mimi, msomi wa ukoo, mtu wa sayansi, kwamba labda nitabisha.

Sikubisha. Nilitazama chini. Mwanaume mzima ninayelipwa mshahara kuwafundisha watoto kwamba kila kitu kina sababu inayopimika, niliuacha mwiko ubebe kosa langu, na moyoni nikasikia nafuu. Naona aibu kuliko nilivyoweza kuisema kwa miaka yote hii. Wiki hiyohiyo vijana walizungushia ilungu miiba, na hakuna mwanamke aliyekwangua hapo tena.

Mtoto alilelewa na mama yangu. Baba yake alikuja mara mbili tatu, akaoa upande wa pili wa mpaka, akapotea kidogo kidogo. Msichana alikua na macho ya mama yake na tabia ileile ya kukusubiri umalize kusema ili akuulize. Alipofaulu nikamchukua Katandala. Nilisema nitamsomesha kama wangu, na nimemsomesha. Nadhani alijua kwamba kuna kitu nalipia, ila hakujua nini.

Hivi ndivyo tulivyofika mwezi wa tatu mwaka huu, kidato cha nne, mada ya elimu ya anga. Nilipoandika ubaoni neno "nyota" niligeuka kusema jisomeeni, nikamkuta ameinua mkono.

"Mwalimu," alisema, maana darasani ndivyo anavyoniita, "kitabuni kuna habari ya chuma kutoka kwenye nyota. Utatufundisha?"

Nilipiga moyo konde nikafundisha. Nilifundisha vizuri, nasema ukweli. Maneno yalikuwa yamekaa tayari tangu shambani. Nilifundisha hata habari ya umbali wetu na jua, kwamba tungesogea kidogo huku tungeungua na kidogo kule tungeganda, na maji, na hewa, na kile chuma cha tumboni kinachoilinda hewa. Mambo mangapi yalilazimika kukutana ili jani moja la ulezi liote. Nikasema habari ya msumari.

Akainua mkono tena.

"Mwalimu, samahani. Udongo wa tanuru la zamani, una chuma?"

"Unacho. Kidogo."

"Na mwanamke mwenye mimba anahitaji chuma kwenye damu."

"Anahitaji."

"Basi anayekula udongo huo angetakiwa apone." Alisema pole pole, kama mtu anayeandika hatua za hesabu. "Asipopona, ina maana kilichomuua ni kitu kingine. Si cha sayansi."

Wako watoto wengine wawili wa kijiji chetu katika darasa hilo. Wote wawili walitazama madawati yao. Nilisikia kengele, sijui kama ilikuwa ya kwetu au ya shule ya jirani, nikasema tutaendelea kesho. Kesho yake nikafundisha umeme.

Jumamosi tulikwenda kijijini kumlimia mama ntumba zake. Nilimwambia mtoto twende juu ya shamba. Alinifuata, lakini tulipokaribia ilungu alisimama mbali, hatua kama ishirini.

"Mimi huwa sifiki hapo, mjomba."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Nikamwambia asimame hapohapo. Nikamwambia yote. Uani, pombe, ncha ya kanga, kicheko, vidonge kwenye kopo, nesi alichosema kuhusu udongo unavyokishika chuma. Nikamwambia pia jinsi nilivyotazama chini wazee waliposema mwiko. Upepo ulikuwa unavuma, ikabidi niseme baadhi ya maneno mara mbili, na hayo ndiyo yaliyokuwa magumu zaidi.

Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa natania."

"Yeye alijua?"

"Hapana. Alikuwa ananiamini."

"Hata mimi ningekuamini," alisema. Sauti yake haikupanda. "Bibi anajua?"

Nilishindwa kusema uongo mwingine. "Anajua."

Hapo ndipo alipolia. Nilidhani atamlilia mama yake, lakini alichosema ni hiki: kwamba tangu akiwa na miaka sita, kila siku ya kuwaombea marehemu, tukienda makaburini, wakati sisi tunasali rozari yeye anaomba sala yake pembeni. Anamwombea mama yake msamaha. Anaomba Mungu na mababu wamsamehe mama kwa kumkosea bibi harusi, na wasimlipizie yeye akija kubeba mimba. Miaka yote hiyo. Na akienda kisimani alikuwa anazunguka njia ndefu, asipite karibu na ilungu.

"Nimemwombea msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya," alisema. "Na nyie mko pembeni yangu, mnaitikia amina."

Aliniacha, akashuka mpaka nyumbani. Nilimkuta amesimama mbele ya mama yangu, aliyekuwa anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Sikusikia alichomuuliza. Nilisikia jibu.

"Nilikuwa na watoto wawili," mama alisema bila kuinua kichwa. "Mmoja amekufa. Ningemtoa na huyu?"

Mtoto akachukua jembe, akaenda kulima ntumba mpaka jua lilipoinama, peke yake, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Toka siku hiyo, nyumbani Katandala, hakuniita mjomba. Aliniita Mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu." "Mwalimu, chakula kiko mezani." Mke wangu aliuliza mmegombana nini, nikamwambia, naye akaongeza maji kwenye sufuria ambayo haikuhitaji maji. Mtoto alisoma kwa bidii kuliko zamani. Mazoezi yangu aliyajibu yote sawasawa na kuyaweka mezani kwangu bila kusubiri nimsifu. Sikumwomba anisamehe. Ningeanzia wapi? Nilikuwa nikiamka asubuhi nasikia anafagia uani, na nafsi inanisuta kabla sijakanyaga chini.

Mwezi wa kumi na moja ukafika. Siku ya kuwaombea marehemu iliangukia karibu kabisa na mitihani yao, nikamwambia anaweza kubaki asome. Akasema, "Nitakwenda, Mwalimu."

Makaburi yetu yako juu ya mteremko, na ukisimama kwa dada unaliona ilungu kwa chini. Nyasi zilikuwa zimechomwa, ardhi nyeusi, mvua bado. Kijiji kizima kilikuwepo. Watu walikuwa wakipalilia makaburi yao, wakichomeka maua, wakiimba kwa zamu wakati padri anapita na maji ya baraka. Wazee wawili kati ya wale wa msiba walikuwa kaburi la pili kutoka letu, wamezeeka sana sasa, wamekaa kwenye viti walivyoletewa. Tulisali rozari. Ilipokwisha, nilimwona mtoto akienda pembeni ya kaburi, mahali pake pa kila mwaka. Safari hii hakupiga magoti. Alisimama wima, mikono imening'inia.

"Mama," alisema, "hukukosa kitu."

Kisha akageuka akanitazama, na akasogea hatua mbili, akapaacha wazi.

"Mjomba," alisema. "Njoo."

Neno hilo sikuwa nimelisikia toka mwezi wa tatu. Nilipiga magoti kabla sijafika vizuri, kwenye majivu, na suruali ya misa. Nilikuwa sina kitu mikononi, hata ua. Nikamkumbuka dada amesimama mlangoni, na mimi sijavua viatu. Nikamwambia nilichokuwa nacho. Nikamwambia kwamba udongo ule haukuwa na cha kumsaidia, kwamba nilisema vile kuwachekesha watu, kwamba vidonge vilikuwa sahihi na nesi alikuwa sahihi, na kwamba si bibi harusi aliyemuua. Nilisema kwa sauti ya kuungama, ile ambayo haitoki nje ya kimia cha kiti cha kitubio.

Mtoto aliinama karibu na sikio langu. Sikusikia hasira katika sauti yake, na sikusikia msamaha.

"Sema kwa nguvu, mjomba. Watu hawa ndio walioachwa waamini mwiko."

Mama yangu alikuwa amefumba macho, ameshika rozari yake kwa mikono miwili. Kwenye kaburi la pili wazee walikuwa wameacha kuongea. Nikasimama, nikawageukia, nikasema upya tangu mwanzo, kwa sauti ya darasani.